Mbaazi, mizinga na upepo wa kusi Malindi

Masika yakianza kulegea, wakulima wadogo wa huku Gede na Msabaha hurudia mjadala ule ule. Wapo wanaosema ukichanganya mahindi na kunde, mbaazi na maboga, nyuki wako watashiba humo humo shambani hadi vuli. Wengine wanashikilia kwamba kusi, majira ya upepo utokao kusini, si msimu wa nyuki: watahama wakuachie mzinga mtupu, basi afadhali pesa za mzinga zinunue mbolea. Naona kila upande una sehemu ya ukweli, ila wote wawili wanaliruka lile lililo zito zaidi.

Baridi yenyewe isitutishe. Usiku wa Julai Malindi huwa wa nyuzi 22 hivi, na nyuki hupasha masega joto hadi karibu nyuzi 35 pale wanapolea majana, yaani watoto wao. Mawaidha ya kuufunika mzinga kama wanavyofanya Ulaya wakati wa theluji hayatuhusu. Adui wa miezi hii ni upepo na mvua. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri. Ikinyesha asubuhi hiyo, ua limekwenda bure, na nyuki wamebaki ndani wakila akiba yao.

Hata hivyo, hoja ya mseto nina hakika nayo. Angalia mbaazi. Hupandwa pamoja na mahindi, ikakua taratibu pembeni yake bila kuyabana, na mahindi yanapokauka ndipo nayo inapoanza kujaa maua ya manjano. Mizizi yake huenda chini sana na kuongeza nitrojeni kwenye mchanga wetu huu usioshika rutuba. Mkulima anapata unga, anapata mboga ya majani ya kunde, na baadaye mbaazi za kula na mahamri. Hata asipofuga nyuki hata mmoja, hajapoteza kitu.

Kosa linaingia pale tunapodhani shamba hilo ndilo litakalolisha mzinga. Nyuki huruka kilomita mbili tatu kutafuta chakula, na eka moja ya mbaazi ni kionjo tu kwa kundi la maelfu. Anayewalisha hasa ni jirani: minazi yake inayotoa maua mwaka mzima (mgema atakwambia jinsi wanavyojazana kwenye kibuyu chake), mikoko ya hori ya Mida, kisha miembe na mikorosho kusi inapoelekea mwisho. Wala si kila zao linawahitaji. Mahindi huchavushwa na upepo. Biringanya hufaidika zaidi na wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao, kwa sababu wao hulitikisa ua hadi chavua imwagike. Wenye kuwahitaji sana nyuki wa asali ni wapanda tikiti, matango na maboga, maana maua dume na jike hukaa mbalimbali.

Basi kama nyuki wanakula kwa jirani, dawa ya jirani ndiyo itakayoamua. Miembe ikichanua, watu hupiga dawa ya wadudu juu ya maua yenyewe, mara nyingi asubuhi jua likiwa limetoka, saa ile ile nyuki wamejaa mtini. Baadhi ya sumu za jamii ya imidaklopridi, dawa ya kuua wadudu, ni kali kwa nyuki kiasi kwamba mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulizikataza kwenye mashamba ya wazi. Ukipanda mseto mzuri namna gani, hutaweza kuwakinga huko.

Kwa hivyo ningemshauri mwenye eka moja apande mseto msimu huu bila kusita, lakini mzinga asubiri mpaka azungumze na majirani wanaomzunguka. Wakikubali kupiga dawa jioni nyuki wakisharudi, na maua yanapofunguka waache kabisa, auweke nyuma ya ua wa miti, mlango ukitazama kaskazini-magharibi kuupa mgongo upepo wa kusi, umeinama mbele kidogo maji yasitulie ndani, miguu ya mzinga imepakwa grisi kuzuia sisimizi. Asali ya kusi asiiguse. Hicho ni chakula chao cha kuvukia mvua. Wasipokubali, au nyumba zikiwa karibu na watoto wanapita hapo kwenda madrasa, aendelee na mbaazi zake bila mzinga. Nyuki wetu wa pwani ni wakali wakichokozwa, na shamba la robo eka katikati ya mji halina pa kuwakimbilia.