Mtaro mpana au choo kinachonyonywa? Hesabu ya bonde la Msimbazi

Kila barabara ya Jangwani, inayokatiza bonde la mto Msimbazi, inapofungwa kwa mafuriko, mjadala wa Dar es Salaam hurudi palepale. Wengine wanataka mitaro mikubwa zaidi. Wengine wanasema fedha zianze na taka na vyoo, kwani hata mitaro iliyopo imeziba.

Hoja ya mitaro ina uzito. Chukua mtaa wa hekta 10 uliobanana nyumba, ambako asilimia 70 ya mvua hutiririka badala ya kuzama ardhini. Mvua ya milimita 60 kwa saa hapo huleta mita za ujazo 4,200, karibu 1.2 kila sekunde. Mtaro wa zege wenye upana wa mita 1, maji yakifika kina cha sentimita 80, kwa mteremko wa mita 3 kila kilomita, huyabeba hayo bila ziada yoyote. Kifereji cha upana wa futi moja hakifui dafu, hata ukikifagia kila siku.

Sasa jaza sentimita 30 za tope chini ya mtaro huohuo. Uwezo wake hushuka hadi mita za ujazo 0.64 kwa sekunde, karibu nusu, kwa sababu nafasi imepungua na maji nayo yamepunguza kasi. Tope hilo si chupa za plastiki tu. Mchanga mwingi hushuka kutoka upande wa Pugu na kwenye kingo zinazomomonyoka. Mitaro izibuliwe kabla ya masika na tena kabla ya vuli, na tope liondolewe siku hiyohiyo. Likirundikwa ukingoni, kama tunavyoliona kila mwaka, mvua ya kwanza hulirudisha. Wavu wa nondo kwenye mdomo wa kalvati (njia ya maji chini ya barabara) nao husaidia pale tu kuna mtu wa kuutoa taka wakati mvua inanyesha. Bila huyo, unageuka bwawa.

Upande wa vyoo una jambo ambalo wahandisi wa mitaro hulipita haraka mno. Nyumba nyingi hutumia mashimo, na bondeni maji ya ardhini yapo karibu na uso wa ardhi, hivyo mashimo hujaa upesi. Gari la kunyonya haliingii vichochoroni, na matambara na pedi zinazotupwa shimoni huziba mpira wa gari hilo. Basi mvua kubwa inapofika, watu hutapisha choo: huzibua bomba la pembeni na kinyesi kinakwenda na maji. Hapo mtaro mpya hufanya kazi vizuri kabisa, ya kupeleka kipindupindu kwa jirani wa chini.

Dawa zipo. Pampu ya mkono na pikipiki ya magurudumu matatu yenye tangi hufika pasipofika lori, ila lazima pawe na kituo cha kumwaga kilicho karibu. Safari ndefu hula faida, na mzigo huishia mtoni. Mabomba membamba ya majitaka, milimita 100 hadi 150, yanaweza kuhudumia mitaa iliyobanana. Lakini mtu akiunganisha maji ya paa lake humo, chemba hufurika ndani ya nyumba za chini.

Mradi wa Bonde la Msimbazi, ulioidhinishwa 2022 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, unagusa mto wenyewe na daraja la Jangwani. Ni sawa kuanzia chini: ukipanua mitaro ya juu kwanza, maji hufika Jangwani kwa kasi zaidi, na yakikutana na bahari iliyojaa wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu au mwandamo, hayana pa kwenda.

Kwa maoni yetu, zege lijengwe, lakini mtaa usipate mtaro mpya kabla haijajulikana nani ataondoa tope, kwa bajeti ipi, na kinyesi cha mtaa huo kitamwagwa wapi. Mkandarasi akishakabidhi kazi na kuondoka, maswali hayo hukosa mwenyewe.