Mawaridi Yaliyokataa Kunyauka

Mke wangu alinikabidhi shilingi 70,000 siku ya Ijumaa na kunituma nikanunue maua ya asili kwa ajili ya mama yake, ambaye angewasili jioni ya Jumamosi kwa basi la kutoka Lushoto na kukaa nasi siku nne. Nilikwenda. Naomba hilo lizingatiwe, kwamba nilikwenda, nikasimama mbele ya ndoo ya mawaridi yaliyoletwa kutoka Arusha, nikauliza bei, na muuzaji mwenyewe, kwa uaminifu unaostahili sifa, akaniambia kwamba kwa joto la Dar es Salaam la mwezi Februari yakibahatika yatafika siku ya tano. Mimi ni mhasibu. Sikufundishwa kununua mali inayopoteza thamani yake yote ndani ya siku tano. Kwa hiyo niliendelea na safari hadi Kariakoo, nikanunua mawaridi manane ya bandia kwa shilingi 3,000 kila moja, na fedha zilizobaki nikazielekeza kwenye matumizi mengine ya nyumbani ambayo kwa sasa sina haja ya kuyataja.

Tatizo lilikuwa mama mkwe. Lushoto iko kwenye milima ya Usambara, na mtu anayetoka Usambara hadanganywi kwa ua kirahisi, kwa kuwa milima ile ndiyo iliyoipa dunia lile ua dogo la zambarau linalopamba madirisha ya Wazungu, ambalo lilipewa jina la ofisa wa kikoloni wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, kwa sababu tu yeye ndiye aliyepeleka mbegu zake Ujerumani mwaka 1892, kana kwamba kabla yake lilikuwa likichanua bila kibali. Mama mkwe amepanda maua tangu utotoni. Anaweza kusimama mlangoni na kukuambia ni ua lipi katika bustani yako halikunywa maji jana. Nilijua kwamba nikiyachomeka mawaridi yangu kwenye chombo kama yalivyotoka dukani, yamesimama wima kama askari wa gwaride, heshima yangu itakwisha kabla ya chai.

Usiku ule mke wangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa zamu, nami nikapata sebule nzima kuwa karakana.

Nilianza na pasi, na hapo nikapoteza waridi la kwanza. Petali za maua haya kwa kawaida ni kitambaa cha poliesta, ambacho huvumilia joto kiasi kabla ya kuharibika, lakini majani na vikonyo mara nyingi ni plastiki laini isiyoweza kuhimili hata nusu ya joto hilo. Jani liligusa pasi, likalegea, likajibandika, na likaacha alama ya kijani ambayo niliikwangua kwa kisu hadi saa nne usiku bila kuimaliza. Ndipo nikahamia kwenye mvuke wa sufuria. Hapa nakiri kwamba niliona raha ambayo sikuitarajia. Poliesta hulegea mvuke ukiigusa, na ikipoa hubaki katika umbo uliloipa, kwa hiyo nilizifungua petali moja moja kwa vidole, nikazikunja pembezoni kuelekea nje, nikaacha waridi moja likiwa bado limefumba nusu na jingine limefunguka kupita kiasi kama mtu aliyechoka kungoja.

Baada ya hapo nilikwangua kwa wembe ile mistari inayoachwa na kalibu kandokando ya vikonyo, kwa maana hakuna waridi lililozaliwa na mshono. Nilikata vikonyo kwa koleo katika urefu tofauti. Nilipinda waya ulio ndani yake, si kwa pembe bali kwa mpindo mrefu mwepesi, ili kila ua liinamishe kichwa kidogo, kwa kuwa ua halisi lina uzito na linajua lina uzito. Katikati nilipenyeza matawi ya mrehani wa kweli niliouchuma uani. Kisha nikafanya jambo ambalo hadi leo naliona kuwa kilele cha kazi yangu: niliwasha kijiti cha udi na kutoboa matundu matatu kwenye jani moja, madogo, yasiyolingana, kama yaliyotafunwa na mdudu.

Yalibaki umande na harufu. Kwa umande wa kudumu, matone ya glisirini iliyochanganywa na maji ndiyo yanayofaa, lakini saa sita za usiku glisirini ningeipata wapi? Nilichemsha maji na sukari, nikanyunyiza. Kwa harufu nilitumia marashi ya mawaridi yaliyokuwa kabatini. Mwisho nikajaza maji kwenye chombo cha kioo, nikayapanga mawaridi saba, nikarudi nyuma hatua tatu, na kwa sekunde chache nikasahau kwamba nimeyanunua mimi. Asubuhi mke wangu alirejea kutoka kazini akiwa na usingizi, akayatazama, akasema, "Mazuri," akaenda kulala.

Mama mkwe alifika magharibi. Baada ya shikamoo na marahaba, na kabla hata ya kuvua mtandio, alikwenda moja kwa moja kwenye meza, akainama, akavuta pumzi ndefu, kisha akashika lile jani lenye matundu.

"Baba," aliniambia kwa huruma, "haya yameingiliwa na mdudu."

Sijawahi kupewa cheti kilichonifurahisha kama sentensi ile. Alinielekeza niyanyunyizie maji ya sabuni yenye majivu kidogo, nami nikaitikia kwa unyenyekevu wote, nikijua moyoni kwamba nimeshinda.

Sikujua kwamba mtu akiisha kuwa na maua halisi huwa amejitwika pia wajibu wote unaofuatana nayo. Siku ya pili sisimizi waliufuata ule umande wa sukari. Waliingia kwa dirishani, wakapanda mguu wa meza kwa mstari ulionyooka, wakavuka kitambaa kilichodariziwa na mama mkwe mwenyewe, wakajaa kwenye petali. Mimi nilitetemeka. Yeye alifurahi. Alimwita jirani aje ashuhudie kwamba ua lenye uhai ndilo linalofuatwa na viumbe, na kwamba haya ya kununua mjini kwa kawaida huwa yamekwisha kufa yakiwa njiani.

Siku ya nne nyaya nilizozikata kwa koleo, na kuziacha wazi chini, zilianza kutoa kutu, na maji yakageuka rangi ya chai. Mama mkwe aliyachunguza kwenye mwanga, akahukumu kwamba maji yetu ya bomba yana chuma na ndiyo yanayoyatesa mawaridi, na kuanzia hapo yakawa yanabadilishiwa maji ya chupa kila asubuhi. Kwa hiyo katika nyumba yangu sisi binadamu tulikunywa maji ya bomba yaliyochemshwa, na plastiki ikanywa maji ya dukani ya shilingi 1,000 kwa siku. Zaidi ya hayo, kanuni ya bustani inataka vikonyo vikatwe ncha kwa mshazari kila baada ya siku mbili ili vinyonye vizuri, na mama mkwe alikuwa amekwisha kunoa kisu. Nilimsihi aniachie kazi hiyo. Nilikuwa nikiyachukua hadi jikoni, nafungua bomba, nakohoa kwa nguvu, na wakati wa kikohozi nabana koleo ili mlio wa waya usisikike sebuleni. Mama mkwe alimwambia binti yake kwamba kifua changu kinahitaji kuangaliwa.

Zile siku nne zilikuwa zimekwisha kusahaulika. Alikuwa amemzoea mjukuu, na jioni alikuwa na tamthilia yake, kwa kuwa king'amuzi chetu, kilichokuwa kimya tangu Desemba, kilikuwa kimefufuka Jumamosi ileile aliyofika. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka, na mawaridi yangu pia hayakuwa na haraka ya kwenda popote.

Siku ya tisa nilimkuta mama mkwe amekaa mbele ya mawaridi, mikono mapajani, ameyakazia macho. Mrehani ulikuwa umenyauka mara mbili na kubadilishwa. Mawaridi yalikuwa yaleyale, yamefumbua vilevile, hata lile la nusu lilikuwa limebaki nusu.

"Ua ninalolijua mimi," alisema bila kugeuka, "hufa."

Nilijibu kwamba pengine ni yale maji ya chupa. Hakunijibu, ila chakula cha usiku ule alikila akinitazama kwa namna mpya, kama mtu anayejiuliza binti yake aliolewa katika ukoo gani hasa. Kesho yake alimuuliza mke wangu, nami nikiwa nyuma ya mlango, kama nina desturi ya kuamka usiku.

Ilibidi yafe. Niliyaumba kwa saa tano, sasa nilipaswa kuyaua, na kuyaua kwa utaratibu, moja leo na mawili kesho, kwa maana maua hayafi yote kwa pamoja kama taa za umeme ukikatika. Usiku wa siku ya kumi na moja, saa tisa, niliamka polepole, nikajifunga msuli, nikawasha mshumaa ili taa isimwamshe mtu, nikaketi sakafuni na chombo mbele yangu. Nilikuwa na kikombe cha chai ya rangi iliyokolea na pamba, kwa ajili ya kutia hudhurungi kwenye pembe za petali. Mshumaa nao ulikuwa na kazi ya pili, kwa sababu poliesta ikisogezwa karibu na moto, bila kuguswa, hujikunja na kusinyaa, na kusinyaa kwake, niwe mkweli, hakutofautiani na kwa waridi la siku ya sita. La kwanza lilikufa vizuri sana. La pili nililipangulia petali tatu nikazitawanya mezani. La tatu nililisogeza zaidi ya ilivyotakiwa, likashika moto, likatoa moshi mweusi na matone yanayowaka, nami nikawa nalipuliza huku nikinong'ona, kwa hofu, maneno ambayo siyakumbuki.

Ni wakati huo mama mkwe alipotoka kwa ajili ya sala ya usiku.

Alichokiona, kwa haki yake, kilikuwa ni mkwe wake aliye kifua wazi, ameketi gizani mbele ya mshumaa, akilinong'oneza ua linaloungua, na kando yake kikombe cha kitu cheusi. Alisema audhubillahi mara moja kwa sauti ya chini, na mara ya pili kwa sauti iliyoamsha mbwa wa mtaa wa pili, kisha akaanza kusoma Ayatul Kursi akiwa amesimama palepale mlangoni.

"Mama, ni mimi!"

"Najua ni wewe," alisema, akavuta pumzi, "ndiyo maana nasoma."

Mke wangu akaja mbio, mtoto akalia, taa ikawashwa. Nikatambua kwamba nina njia mbili tu, kuwa mchawi au kuwa mwongo, na nikachagua uongo kwa kuwa adhabu yake ni nyepesi. Niliinuka, nikaushika msuli wangu vizuri, nikatangaza kwamba mawaridi ni ya plastiki na yalikuwa ya plastiki tangu mwanzo.

Hakuniamini. Miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kusema kweli tupu kama usiku ule, na sijawahi kukataliwa vile.

"Plastiki haitoi kutu," alisema.

"Ni waya, Mama. Uko ndani."

"Na mdudu aliyekula jani?"

"Kijiti cha udi."

"Sisimizi je?"

"Sukari."

Alinyamaza kidogo. "Na ile harufu?"

Hapa nilitazama chini. "Ni marashi yako, Mama. Yale uliyotuletea Idi iliyopita."

Alichukua waridi mojawapo lililosalimika, akalivuta kichwa, nacho kikatoka chote kwa mlio mdogo, kikaacha kijiti cha kijani chenye kitundu. Alikitazama kwa muda mrefu. Alikuwa ameyapa maji kila alfajiri kwa siku saba, na nadhani wakati mwingine alikuwa akizungumza nayo. Kisha akaliokota lile jani lenye matundu matatu, akaligeuza, akaligeuza tena, akasema kwa sauti ya mtu anayelazimika kutoa haki kwa adui kwamba kazi hii imefanywa vizuri.

Mke wangu, ambaye kufikia hapo alikuwa ameuliza swali moja tu, kama hiyo ndiyo sababu ya gauni lake la kazi kuwa na doa la kijani mgongoni, sasa alitaka kujua mawaridi manane ya bandia yanauzwa kiasi gani Kariakoo. Nilimtajia. Nilimwona akitoa 24,000 katika 70,000 bila kalamu, kwa kasi ambayo wengi ofisini kwetu hawana. Kisha macho yake yakaniacha, yakavuka meza, yakashuka taratibu hadi chini ya runinga, ambako taa ndogo ya king'amuzi ilikuwa ikiwaka kijani.

Mama mkwe naye aliyafuata macho ya binti yake hadi pale, akaielewa hesabu yote kwa mkupuo mmoja, akajifunga mtandio.

"Hilo la king'amuzi," alisema, "nawaomba mlizungumze nikishaondoka. Tamthilia imebakiza sehemu nane."