Mimba zabibu: kumfuatilia mgonjwa si kumtelekeza

Mimba zabibu ni mimba isiyo ya kawaida ambayo tishu za kondo huvimba kama vishada vya zabibu. Si saratani, na wengi hupona kizazi kikishasafishwa kwa mashine ya kunyonya. Ila kwa mimba zabibu kamili, ile isiyo na kijusi, wanawake 15 hadi 20 katika kila 100 hubakiwa na tishu zinazoendelea kukua, na wawili watatu kati ya hao 100 hupata koriokasinoma, saratani inayowahi mapafuni. Ndiyo maana wako madaktari wanaotaka kila mgonjwa achomwe methotreksati au daktinomaisini, dawa za saratani, mara tu anaposafishwa.

Hoja yao ina uzito, hasa kwa mama anayeishi mbali na maabara inayopima kiwango cha hCG, homoni ya mimba inayoonyesha kama tishu hizo bado zipo. Nauli ikikosekana, harudi. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, wa majaribio 3 yenye wanawake 613 ulionyesha kwamba dawa hizo zikitolewa kama kinga hupunguza idadi ya wanaougua, ingawa ushahidi wenyewe ni dhaifu.

Lakini hebu tuitazame tena ile 15 hadi 20. Maana yake wanawake 80 au zaidi katika kila 100 watapewa dawa inayoweza kuwatoa vidonda mdomoni, kushusha chembe za damu na kuumiza ini, kwa ugonjwa ambao hawana na wasingeupata. Na wanaougua je? Wakigunduliwa mapema, wakiwa na alama 0 hadi 6 za hatari, yaani hatari ndogo, karibu wote hupona, wengi kwa dawa hiyohiyo na waliobaki kwa kubadilishiwa dawa. Dozi yenyewe ni methotreksati miligramu 50 msulini siku ya 1, 3, 5 na 7, na asidi ya foliniki, ya kupunguza madhara yake, miligramu 15 siku ya 2, 4, 6 na 8, mzunguko ukirudiwa kila wiki mbili. Kizazi kinabaki, na uzazi pia.

Tena kinga haimwondolei mtu haja ya kupimwa. Katika majaribio hayo, waliougua licha ya kukingwa walichelewa kugunduliwa na wakahitaji mizunguko mingi zaidi ya dawa. Mama aliyeambiwa "umekingwa" atarudi kliniki kutafuta nini?

Ufuatiliaji wenyewe ni hCG ya damu kila wiki moja au mbili hadi ishuke kawaida, kisha kila mwezi kwa miezi 3. Ikigoma kushuka kwa vipimo 4 ndani ya wiki 3, au ikipanda vipimo 3 mfululizo vya kila wiki, matibabu yaanze. Kipimo cha mkojo hakitoshi: hakionyeshi kasi ya kushuka, na hCG ikizidi mno kinaweza kusoma hasi. Uzazi wa mpango ni lazima, kwani mimba mpya nayo hupandisha hCG. Vidonge na sindano vinafaa. Kitanzi kisubiri hCG iwe kawaida, kisije kikatoboa kizazi.

Kinga ibaki kwa mwenye hatari kubwa, mfano hCG iliyozidi 100,000 kabla ya kusafishwa, ambaye kweli hakuna njia ya kumfuatilia. Kwa wengine, wilaya itume mkoani sampuli ya damu badala ya mgonjwa, na muuguzi ampigie simu kumpa majibu.