Mwanzi wa Bahati, Bahati ya Nani?

Leo nimeamshwa na harufu. Si ya jaa, ile nshaizoea. Hii ilitoka sebuleni, kwenye tangi langu la samaki, pale niliposimamisha mwanzi wa bahati. Majani manjano, shina limelegea. Nimelibonyeza kwa vidole viwili likatoa kamasi. Samaki wamejikusanya pembeni wananitazama kama watu waliokwenda kuona chumba cha kupanga wakaanza kuonyeshwa choo.

Mie mtu mzima, nina heshima zangu mtaani. Nikaufunga ule mzoga kwenye gazeti, nikavaa kanzu na kofia, nikashuka sokoni Darajani, hapa hapa Unguja, kumrejeshea aliyeniuzia.

"Asalaam aleykum."

"Waaleykum salaam, mzee wangu. Karibu, leo nikupe nini?"

"Leo unipe pesa zangu."

Akafungua gazeti. Akaugeuza, akaunusa, akampa mwenzake naye anuse.

"Mzee, huu umekufa."

"Najua."

"Umekufa kwa nini?"

"Hilo ndilo nililokuja kukuuliza weye."

Basi ikaanza mahakama. Muuza madafu akasogea na panga lake mkononi. Kijana wa bodaboda akazima injini, na hao hata jeneza likipita hawazimi. Natumia maji ya mfereji au ya kisima? Taa nawasha saa ngapi? Mmoja, sijui katokea wapi, akauliza kama wakati wa kuupanda nilisema Bismillahi.

"Mzee wangu, uliuzamisha mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho! Si mmea wa maji?"

Akajipiga paja. "Ndiyo hapo! Huu wataka miguu majini, kichwa nje. Hata wewe nikikutia kwenye tangi mpaka kofia ikazama, utaoza."

"Lakini siku nanunua, kwako hapa ulikuwa umezama mzima mzima, samaki wanaupita juu!"

"Pale ulikuwa kwenye biashara."

Watu wakacheka. Muuza madafu, ambaye hata samaki wa kukaanga sijamwona naye, akanishika bega: "Hapo kakushinda, mzee."

Kanishinda nini? Mtu kaniapia mbele ya mashahidi kuwa ule ni mwanzi wa China. Mwanangu wa skuli kaniangalizia kwenye simu: si mwanzi hata kidogo, ni jamii ya drasena, na kwao ni Kameruni. Kwa hiyo mwanzi sio, China sio, na bahati ndiyo hiyo iliyomo kwenye gazeti.

Pesa sikurudishiwa. Nilibadilishiwa nikapewa anubiasi, tena nikaongezeshwa juu, eti imepanda ndege kutoka Singapore. Nayo asili yake Afrika hii hii, Magharibi na Kati! Jani letu wenyewe limekwenda kutembea limerudi, nauli nalipa mie. Lakini haki isemwe, anubiasi ni jani la maana: gumu, halidai mwanga mwingi, na samaki wa dhahabu wakilionja hulitema. Sharti lake lile shina linalolala usilifukie mchangani, litaoza. Unalifunga juu ya jiwe kwa uzi, mizizi ikishika yenyewe basi. Uzi nimeuona kwenye kikapu cha mke wangu. Kumbe uzi wa kofia, na kofia yenyewe ya mtu, kailipia, ya harusi. Tuyaache hayo.

Konokono nao wamo, waliingia bure na majani, mayai yao hayaonekani mpaka wajukuu wazaliwe.

Halafu kuna hao wa kwenye video za simu. Mzungu ana mtungi wa gesi ya kaboni, mrija, saa, gesi inatoka tone tone kwa ajili ya majani. Mie mtungi wa kupikia naulaza ubavu upate kumalizia chai! Taa, wanasema, iwake muda wa saa sita hadi nane kwa siku, ukizidisha vioo vinaota utando wa kijani. Kila siku, wakati ule ule. Sisi wa Unguja tuliokaa gizani bila umeme Desemba 2009 mpaka Machi 2010 twasikiliza kwa adabu.

Na maji, yakhe! Kisiwa kizima jiwe la matumbawe, maji magumu, birika langu ndani limeota ukoko mweupe. Upo mmea unaoyapenda hivyo hivyo, valisneria, majani marefu membamba. Nilipanda. Samaki wa dhahabu wakaung'oa usiku, asubuhi unaelea. Shemeji akaona anisaidie, kaniletea mchanga mweupe wa pwani, nao ni matumbawe yaliyosagika, kama vile maji hayajawa magumu ya kutosha.

Dawa, wasema wenyewe, ni kuchanganya na maji ya mvua, hayo ni laini. Masika hii, bati linamwaga, nikinge tu. Nikinge na nini? Ndoo mbili kubwa na lile pipa kachukua jirani, ana harusi. Harusi imepita wiki nzima sasa! Nikimtuma mtoto aambiwa "zaoshwa". Zaoshwa na bahari gani? Na katika harusi hiyo hiyo, iliyopikiwa kwa maji ya ndoo zangu, sahani ya biriani ilipofika kwangu ilikuwa na kiazi. Kiazi na shingo. Nyama mie niliiona kwa wenye magari.