Baba alifuatwa, Uhuru akaachwa

Tumezoea kusema wanasiasa ndio wanaotugombanisha, na ushahidi upo. Tarehe 30 Januari 2018 Raila Odinga, kiongozi wa upinzani Kenya ambaye wafuasi wake walimwita Baba, aliapa pale Uhuru Park jijini Nairobi kuwa "rais wa wananchi". Siku 38 baadaye, Ijumaa tarehe 9 Machi, akatokea kwenye ngazi za Harambee House akishikana mkono na Rais Uhuru Kenyatta, hasimu wake. Kwa kinyozi wangu, wateja waliokuwa wakikwepana benchi tangu uchaguzi wa Agosti 2017 walikuwa wanataniana kesho yake. Hakuna mchungaji wala mzee wa mtaa aliyewapatanisha. Baba kasema yameisha, basi yameisha.

Ukiishia hapo, utaona umati ni redio na kiongozi ndiye mwenye kitufe.

Sasa njoo 2022. Uhuru yule yule, akiwa bado Ikulu, anawaomba watu wa Mlima Kenya, eneo la kwao, wampigie Raila kura, tena mgombea mwenza ni Martha Karua wa Kirinyaga, mtu wa huko huko. Wakakataa. Hata Kiambu, nyumbani kwake, William Ruto, naibu wake waliyekosana naye, alimwacha Raila mbali sana, na kitaifa akashinda kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Kitufe kiligoma.

Wapo wanaosema ni uchumi tu: mama mboga na mtu wa bodaboda walijiona kwenye hadithi ya Ruto ya hasla, yaani mtu wa chini anayehangaika kujitafutia riziki. Nakubali kiasi, maana bei ya unga haina kabila. Lakini njaa peke yake haielezi kwa nini jina la Raila lilikuwa zito vile mdomoni mwa watu wale.

Mwaka 1970 mwanasaikolojia Henri Tajfel alichapisha majaribio aliyowafanyia wavulana wa shule huko Bristol. Aliwagawa makundi mawili, eti kwa mchoraji waliyempenda, Klee au Kandinsky, kisha akawapa kazi ya kugawa fedha. Walielekea kukubali kundi lao lipate pungufu, mradi lile jingine lipate pungufu zaidi. Hapakuwa na mkutano wa hadhara, wala mtu juu ya gari akipiga kelele kwenye kipaza sauti.

Kwa hiyo kuni zipo kabla ya kiberiti. Wafuasi wa Raila walikuwa na kinyongo cha kufungiwa nje, na kule kushikana mikono kulionekana kama mlango unafunguliwa. Hawakuombwa kumpenda mtu. Wa Mlimani waliombwa kitu kigumu zaidi, kumkabidhi nchi mtu waliyefundishwa kumwogopa tangu uchaguzi wa 2007. Na woga ukishakuwa wa kundi, jirani humkumbusha jirani, hauhitaji tena mchochezi. Anayekuja kuuzima huitwa msaliti.

Hapo ndipo siwezi kumwonea Uhuru huruma sana. Katika kampeni za 2013 na 2017, mmoja wa walimu wa somo lile alikuwa yeye mwenyewe.