Waliopanga foleni kumuaga Malkia hawakuwa wajinga

Malkia Elizabeth II alipofariki Septemba 8, 2022, vijiwe vya kahawa hapa Mtwara vilipata mada. Wengi walicheka. Mtu mzima anapanga foleni usiku kucha, kwenye baridi, kwenda kupita mbele ya jeneza lililofungwa! Kuna wakati London walitangaziwa kusubiri saa 24. Ukifika ukumbi wa Westminster unapewa sekunde chache, unainamisha kichwa, haya, songa mbele. Watu kama 250,000 walikubali, na David Beckham naye alisimama zaidi ya saa 12.

Mimi sikuona cha kuchekesha. Nenda msiba wowote Chikongola, hapa hapa Mtwara. Nusu ya waliokaa mkekani hawakuwahi hata kuongea na marehemu. Huyu kafanya kazi na mtoto wake, yule wanaswali msikiti mmoja, mwingine kapita njia akaona turubai. Halafu sikiliza upande wa kina mama jeneza linapotoka. Utamsikia mtu anamlilia mama yake mzazi aliyezikwa zamani, anamwita, anamweleza mpaka ada za shule zinavyomtesa. Hakuna anayemwambia kakosea msiba. Wanamshika tu, khanga isidondoke.

Waingereza nafasi kama hiyo hawaipati kirahisi. Kwao maiti huweza kukaa wiki mbili na zaidi kabla ya kuzikwa, na mazishi ni ya walioalikwa au kuarifiwa. Ikaja korona, hata hicho kidogo kikabanwa. Malkia mwenyewe alimzika mumewe, Philip, Aprili 2021, waombolezaji wasizidi 30, naye kakaa peke yake na barakoa usoni. Wangapi walizika hivyo hivyo na hawakupata pa kulia? Ndiyo maana nasema ile foleni ilikuwa na marehemu wengi kuliko yule mmoja wa kwenye jeneza. Watu wasiojuana wakagawana biskuti na chai, wakasimuliana habari za bibi zao.

Najua swali linalofuata, maana niliulizwa kwa ukali: mtu wa Kusini anampaje pole mkoloni? Ni kweli, na ukitaka usahihi, huyu mama alikuwa Malkia wa Tanganyika hata baada ya Uhuru, mpaka Desemba 9, 1962 tulipokuwa jamhuri. Na ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga ulioifyeka misitu ya Nachingwea ulianza 1947, enzi za baba yake.

Lakini makaburini kwetu, kabla watu hawajatawanyika, mwanafamilia husimama akatangaza: mwenye kumdai marehemu aje atuone. Watu wanatoa pole, na madai yanabaki pale pale. Mwenye lake na Taji asigombane na waliopanga foleni. Mrithi yupo, anaitwa Charles.