Tani ishirini za nini?

Wiki jana mpwa wangu alivuta kigoda akakaa nyuma yangu nikicheza Elite, ule mchezo wa kompyuta wa biashara ya anga, wa 1984, wa David Braben na Ian Bell. Nilikuwa nimetua kituoni na nanunua manyoya. Chombo unachoanzia, Cobra Mk III, kinabeba tani 20, na ukinunua stoo kubwa zinakuwa 35. Mtoto akatazama namba, akatazama chombo, akauliza: "Mjomba, tani ishirini za manyoya zinaenea humo?"

Nilitaka kumwambia ni mchezo tu. Nikashindwa, maana nimewahi kuwa karani wa ghala Kampala na swali hilo limenitoa jasho mara nyingi.

Tulikuwa tunapakia magodoro ya kwenda Arua. Fuso inajaa mpaka turubai linakataa kufungika, watu wawili wako juu wanakanyaga sponji, na ukiipitisha kwenye mizani hata tani mbili hazijafika. Kesho yake Fuso ileile inakuja kuchukua saruji. Mifuko 160 ya kilo 50, tani nane kamili, inaishia chini ya goti. Juu yote ni hewa tupu, lakini springi zimelala na dereva hataki kusikia habari ya mfuko mmoja zaidi. Sasa niambie, gari lile lilikuwa na nafasi ya tani ngapi?

Ndiyo maana michezo hii ya biashara ya anga inaniudhi kidogo. Inakupa namba moja, "tani", halafu tani ya vitambaa na tani ya aloi zinakaa mahali palepale. Elite ya kwanza naisamehe. Iliandikwa kwa kompyuta ya BBC Micro yenye kilobaiti 32 za kumbukumbu; hapo huwezi kudai hesabu za bandari. Elite Dangerous ya 2014 angalau ilifanya mzigo uumize, kwa kuwa chombo kilichoshiba kinaruka umbali mfupi zaidi kati ya nyota na nyota. Lakini tani ya chai na tani ya dhahabu bado zinagombea nafasi sawasawa. EVE Online, mchezo mwingine wa namna hii, ilichagua mita za ujazo tangu 2003, na hapo walau unajua unajaza chumba.

Walionichekesha kwa werevu ni watu wa Traveller, mchezo wa mezani wa 1977. Tani yao ni nafasi ambayo tani moja ya hidrojeni ya kimiminika ingeijaza, takriban mita za ujazo 14, kwa sababu hidrojeni ni nyepesi mno. Kile chombo chao cha mfanyabiashara mdogo kina tani 82 za mzigo. Piga hesabu: ni zaidi ya mita za ujazo 1,100, karibu makontena 35 ya futi 20. Mfanyabiashara mdogo huyo! Na ukijaza "tani" moja ya namna hiyo kwa dhahabu, umebeba tani halisi kama 270.

Wala si kituko. Neno tani lenyewe lilitokana na pipa kubwa la mvinyo, na meli za baharini zilipimwa kwa tani ya futi 100 za ujazo, ambayo haina uhusiano na mizani hata kidogo. Wazee wa pwani hawakujichanganya: nafaka kwa kibaba na pishi, vyombo vya kujaza, pembe na karafuu kwa frasila, uzito wa kama kilo 16. Huku kwetu hadi leo mama wa sokoni anakuuzia viazi kwa beseni, tena kwa kilele.

Mimi nataka namba mbili. Stoo ipimwe kwa mita za ujazo, injini ipimwe kwa tani, na kinachojaa kwanza ndicho kikusimamishe. Najua wataniambia angani hakuna uzito. Uzito haupo, lakini tungamo, yaani wingi wa kitu chenyewe, lipo. Chombo kilichojaa madini ya risasi kitachelewa kuondoka na kitachelewa zaidi kusimama, na hapo ndipo maharamia wanapokukuta. Wasafirishaji wa kweli wanafanya hivyo kila siku: melini unalipa kwa mita ya ujazo au kwa tani, ipi imezidi, kwenye ndege mita moja ya ujazo inahesabiwa angalau kilo 167.

Utamu wenyewe uko kwenye kuchanganya. Yule mwenye Fuso alitajirika alipoanza kuweka mifuko 120 ya saruji chini, nailoni juu yake, kisha magodoro mpaka kwenye turubai. Safari moja, nauli mbili. Nipe mchezo ambao nitakaa nusu saa kituoni nikipanga hivyo, na vita vya leza nitawaachia vijana.

Haya yote nilimweleza mpwa wangu kwa mikono na vidole. Alivumilia, kisha akavuta kibodi, akaijaza stoo kompyuta tani 20, akashuka kwenye orodha na kununua dhahabu kilo kadhaa. Mashine ikakubali. Vitu vya kilo havihesabiwi kwenye stoo, nami miaka yote hii sikuwahi kujaribu.

"Mjomba," akasema, "dhahabu hailipi nauli."